Barua ya Isiolo: Mtoto Aliyekataa Kijiko



Juma lililopita niliwaahidi kwamba leo nitaandika habari za kuhifadhi maji ya mvua. Naomba radhi, ahadi hiyo nitaitimiza juma lijalo, Mungu akipenda. Leo nataka kusema juu ya jambo lililotokea nyumbani kwangu mwenyewe, jambo lililonitahayarisha kidogo na kunifundisha sana. Nadhani wako akina baba wengi miongoni mwenu waliomo katika hali ile ile niliyokuwamo mimi, nao hawajui.

Mimi ni karani, na kazi yangu ni majalada. Tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni nasoma barua na kupanga hesabu, na nikiona tarakimu imeandikwa mahali pasipo pake sipumziki mpaka nimeisahihisha. Lakini nyumbani kulikuwa na kitabu kimoja ambacho sikukifungua hata siku moja tangu kilipoingia mlangoni. Ni kile kitabu cha afya ya mama na mtoto wapewacho akina mama waendapo kliniki. Nilidhani ni kitabu cha wanawake.

Binti yetu alizaliwa na uzito wa kilo 3.0. Mama yake naye ni mfanyakazi wa ofisi, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Likizo ilipokwisha, alikuwa akikamua maziwa yake alfajiri na kuyaacha nyumbani, kisha adhuhuri huja mbio kunyonyesha, kwa kuwa Isiolo si mji mkubwa. Hivyo mtoto alifika miezi 6 bila kuonja kitu kingine, akiwa na kilo 6.9, mnene wa mashavu, mwenye kucheka na kila mtu.

Mama yangu alikuja kutoka shamba kutusaidia kulea, tukaanza kumpa mtoto uji. Majuma ya kwanza alikula. Kisha akaanza kugeuza uso. Baadaye akafumba midomo, na mwisho akawa akiona kijiko tu analia. Mama yangu, aliyelea watoto saba na wote wakakua, hakuona ajabu. Alimlaza mtoto chali mapajani, akambana mikono, akamminia uji kinywani kwa kiganja. Mtoto alilia, akapaliwa, akakohoa, akatapika. Hayo yalikuwa yakifanyika kila jioni chumba cha pili, nami nikikaa barazani. Niseme kweli: nilikuwa nikiongeza sauti ya redio.

Alipokuwa katika mwezi wa tisa, jirani mmoja, mama mtu mzima aliyetutakia mema, alimtazama akasema, “Huyu ana kimeo. Ndiyo sababu hali. Hakikatwi, hanenepi.” Akatuambia yuko fundi wa kukata. Mimi nilikubali, tukapatana siku ya Jumamosi.

Usiku wa Ijumaa, nilipokaa mezani, mke wangu hakuweka chakula mbele yangu. Aliweka kile kitabu. Akasema, “Baba, wewe wasoma majalada ya watu wote. Soma na hili.”

Nikafungua. Ndani yake mna karatasi yenye mistari iliyopinda ikipanda kwenda juu, na juu yake nesi alikuwa ametia nukta kila mwezi. Miezi 6, kilo 6.9. Miezi 7, kilo 7.1. Miezi 8, kilo 7.1. Miezi 9, kilo 7.0. Sikuhitaji daktari kunifasiria. Karani yeyote ajua maana ya hesabu isiyoingia kitu mwezi hata mwezi, kisha ikaanza kupungua. Jumamosi hatukwenda kwa fundi. Jumatatu niliomba ruhusa kazini, tukaenda kliniki.

Kabla ya kusema tuliyoambiwa, natoa onyo juu ya kimeo. Kile kinyama kidogo kining'iniacho nyuma ya koo, ambacho wengine hukiita kidakatonge, kila mwanadamu anacho. Msomaji achukue kioo atazame chake. Hakimzuii mtoto kula, wala hakileti kikohozi. Akatwaye kwa kisu cha fundi aweza kutokwa damu nyingi, au kupata usaha kooni, au pepopunda, na wako watoto waliokufa kwa jambo hilo. Kadhalika wako wang'oao ufizi wa mtoto mchanga wakidai kuna meno mabaya ndani yake. Nalo ni kosa la namna ile ile.

Kila mahali watu wana jina la kumpa mtoto asiyenenepa. Pwani watasema amebemendwa, yaani wazazi wake hawakujizuia wakati wa kunyonyesha. Wengine watasema ni jicho la hasidi. Majina haya yote yana kasoro moja: humtafuta wa kulaumiwa, wala hayaulizi mtoto amekula nini leo.

Hilo ndilo alilouliza nesi kwanza. Alikuwa kijana, umri wake haumpiti mdogo wangu wa mwisho, nami nilikuwa mwanamume pekee katika benchi ile. Akauliza, “Baba, mtoto anakula nini?”

Nikajibu, “Uji.”

“Mara ngapi kwa siku?”

Nikamtazama mke wangu. Nesi akasema kwa upole, “Nimekuuliza wewe, baba.”

Sikujua. Wala sikujua uji huo ni mzito kadiri gani, wala ni nani amlishaye, wala kama hunywa chai. Mke wangu ndiye aliyejibu. Uji ulikuwa mwepesi, wa kunyweka, kwa sababu mzito alikuwa akiutema. Asubuhi nyanya yake alimpa chai ya maziwa kidogo na biskuti, na mchana alimpa maji mara kwa mara ili asione kiu.

Nesi akampima. Uzito ulikuwa ule ule, kilo 7.0. Akamzungushia mkononi, juu ya kiwiko, utepe wenye rangi tatu. Utepe huo ni wa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani hatari kubwa, kutoka 11.5 hadi 12.5 ni manjano. Juu ya hapo ni kijani. Binti yetu alisoma 12.9. Akatuambia, “Yuko kijani, lakini mguu mmoja uko mpakani. Mmekuja wakati mzuri.” Akamtazama kinywa na masikio, kwa maana utandu mweupe wa ulimi au sikio linalouma huweza kumfanya mtoto achukie chakula. Akaagiza apimwe mkojo na damu. Mkojo ulikuwa safi. Damu ilikuwa pungufu kidogo, akapewa dawa ya maji yenye madini ya chuma.

Hapa nilijifunza jambo ambalo sikulisikia shuleni. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma mwilini mwake, na akiba hiyo hukaribia kwisha afikapo miezi 6. Maziwa ya mama ni bora kuliko yote, lakini chuma iliyomo ni kidogo, na uji mtupu hauzibi pengo. Damu ikipungua, hamu ya kula nayo hupungua, na hamu ikipungua damu huzidi kupungua. Ni kama gurudumu. Na ile chai tuliyompa kwa mapenzi huizuia chuma ya chakula isiingie mwilini. Nasi tulikuwa tukimpa kila asubuhi.

Sasa nisikilizeni katika habari ya uji, kwa maana hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Niliporudi nyumbani nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Mtoto wa miezi 9 hadi 11, ambaye bado ananyonya vema, huhitaji kalori kama 300 kila siku kutoka katika vyakula vingine. Unga wa gramu 100 una kalori kama 360. Uji wetu mwepesi ulikuwa na unga gramu 5 tu katika kila mililita 100, na hizo ni kalori 18. Basi ili apate 300 ingempasa anywe zaidi ya lita moja na nusu kwa siku.

Na tumbo lake je? Tumbo la mtoto mdogo hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 7 hubeba mililita 210, yaani kikombe kisichojaa. Ingempasa ajazwe pomoni mara nane kila siku, na katikati anyonye, anywe maji na chai. Haiwezekani. Mtoto wetu alikuwa akishiba kila siku, huku akifa njaa polepole. Alipofumba midomo hakuwa mkaidi. Tumbo lilikuwa limejaa maji.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haikuwa kumlisha uji mwingi zaidi. Ilikuwa kuweka chakula kingi katika uji mchache. Hivi ndivyo tufanyavyo sasa. Kwa bakuli la mililita 200 twatia unga gramu 20, yaani vijiko viwili vya mezani vilivyojaa, nusu ya maji tukaiondoa tukatia maziwa yaliyochemshwa, na ukishaiva twatia kijiko kimoja cha chai cha samli au mafuta. Bakuli hilo lina kalori zipatazo 175. Alama ya uji wa mtoto ni hii: ukiinamisha kijiko, usimwagike upesi kama maji. Ukimwagika, rudisha sufuria jikoni.

Wako watakaosema kwamba mtoto wao hawezi kumeza uji mzito. Kwao iko hila ambayo akina mama wa shamba waijua tangu zamani, nayo ni kimea. Loweka wimbi, uoteshe siku mbili tatu, uanike mpaka ukauke, uondoe vimizizi, usage. Kijiko kidogo cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito ulio moto, baada ya dakika chache uji hulainika wenyewe, wala hakipotei chakula kilichomo. Kisha urudishe motoni uchemke tena. Huko Tanzania, katika miaka ya 1980, Taasisi ya Chakula na Lishe iliwafundisha watu kutumia kimea kwa uji wa watoto.

Dawa ya pili ni kwamba uji pekee hautoshi, hata uwe mzito. Nesi alitufundisha kwamba kila siku mtoto apate kitu cha nafaka au mizizi, kitu cha jamii ya kunde, kitu cha mnyama, na mboga au matunda. Nikafikiri, vitu hivyo twavitoa wapi kwa mshahara wa karani? Lakini nilipopita sokoni nikaona aibu. Parachichi, ndizi na maboga hushuka kutoka Meru kila siku. Ndengu ziko kila duka. Kipande cha maini kiasi cha kidole, kilichochemshwa na kupondwa, chatosha mlo wa mtoto, nacho kina chuma nyingi. Yai moja lina thamani ndogo kuliko pakiti ya biskuti na soda. Ndugu zangu wakulima, nisameheni nikisema wazi: kuna nyumba kuku hutaga, mayai yakauzwa, na fedha zake zikanunua biskuti kwa mtoto yule yule aliyekosa yai.

Mambo haya hayakuanza leo. Mwaka 1933 daktari mwanamke mzaliwa wa Jamaica, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi iitwayo Ghana siku hizi, aliandika habari za watoto waliovimba miguu na kubadilika ngozi baada ya kuachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi peke yake. Mwaka 1935 aliutaja ugonjwa huo kwa jina lake la lugha ya Waga, kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kifuani kwa kuzaliwa mwingine. Kwetu watu huuita kwashakoo.

Na karibu zaidi, mwaka 1965, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala ilianzishwa idara ya lishe iliyopewa jina Mwanamugimu, kutokana na methali ya Waganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya atoka katika mbeleko ya mama yake. Hapo akina mama waliokuja na watoto waliokonda walifundishwa kupika kwa vyakula vya mashamba yao wenyewe. Mchanganyiko wao uliitwa kitobero: chakula cha kushibisha, kunde au karanga, mboga za majani, na nyama au samaki kidogo, vyote vikapikwa pamoja.

Dawa ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu ilimhusu mama yangu. Nesi alisema mtoto asilishwe kwa nguvu kamwe. Amiminiwapo uji akilia, waweza kuingia njia ya hewa ukamletea kichomi au kumwua papo hapo. Tena hujifunza kwamba kijiko ni adui. Mtoto hulishwa akiwa ameketi wima, mtazamane uso kwa uso, mpewe kijiko kimoja, mngoje ameze, msemeshe. Akigeuza uso, pumzika kidogo ujaribu tena. Akikataa mara ya pili na ya tatu, ondoa bakuli bila hasira. Mlo usipite nusu saa. Awe na bakuli lake mwenyewe, ili mjue kiasi alichokula, na aachwe ashike chakula kwa vidole hata kama atachafua mkeka. Na chakula kipya akikitema, msiseme hakipendi. Huenda ikampasa akionje mara 8 au 10, kwa siku mbalimbali, kabla hajakizoea.

Je, mtu humwambiaje mama yake mzazi maneno kama hayo? Sikutaka mke wangu ndiye ayaseme, kwa maana mkwe na mkaza mwana hawakosi la kuelewana vibaya. Niliketi na mama jioni, nikafungua kitabu, nikamwonyesha ule mstari. Mama hasomi maandishi, lakini alitazama nukta zile muda mrefu. Akasema, “Mwanangu, hii ni njia ishukayo.” Nikamjibu, “Ndiyo, mama. Twataka ipande kama barabara iendayo Meru.” Akanyamaza. Kisha akaniuliza, “Basi wewe utamlisha lini?”

Swali hilo sikulitazamia. Tangu siku ile mlo wa jioni ni wangu. Nafika nyumbani, nanawa mikono kwa sabuni, naketi mkekani na bakuli dogo la plastiki. Siku ya kwanza alikula vijiko vitatu. Siku ya pili vitano. Siku ya tatu hakula hata kimoja, na nikajua kwa mara ya kwanza kwa nini mama yangu alimbana mikono. Alikuwa na hofu. Mtu anayemlisha mtoto kwa nguvu mara nyingi si mkatili, ameogopa. Mwenye redio ndiye aliyekuwa hana hofu, kwa kuwa hakuwa akitazama. Redio sasa haiwashwi wakati wa mlo.

Wako watakaosema, “Sisi watu wa kaskazini tu wembamba kwa asili, msitupime kwa mizani ya Wazungu.” Nami niliwahi kusema hivyo. Lakini mistari iliyomo katika kitabu ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kupima watoto wapatao 8,500 wa nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Ikaonekana kwamba watoto wadogo wakinyonyeshwa na kutunzwa vema hukua karibu sawasawa, awe wa Muscat au wa Accra. Ni kweli, mtoto mmoja huwa mwembamba kuliko mwingine, na mwenye kufuata mstari wake wa chini mwezi hata mwezi huenda ni mzima kabisa. Tena baada ya miezi 9 ongezeko la kawaida hupungua, likawa kama gramu 200 au 300 tu kwa mwezi. Basi usishtuke kwa sababu mtoto wa jirani ni mnene. Shtuka mstari wa mtoto wako ukilala, na zaidi ukishuka.

Neno moja kwa wafugaji, kwa kuwa Isiolo ni nchi ya mifugo. Katika ukame wa mwaka 2020 mpaka 2023, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, nasi tuliona wenyewe jinsi mifugo ilivyohamishiwa fora za mbali na maziwa yakaenda nayo. Waliobaki nyumbani ni akina mama, wazee na watoto wadogo, wale wenye kuyahitaji zaidi. Mwenye uwezo na aache mbuzi au ngamia mmoja wa kukamwa karibu na nyumba kwa ajili ya watoto, ampe majani hata ya kununua. Na maziwa yachemshwe. Najua wengi husema maziwa ya ngamia yakichemshwa hupoteza nguvu. Sivyo, kinachokufa ni vijidudu, na pamoja navyo bruselosi, homa iletayo maumivu ya viungo miezi mingi. Tena kabla ya mwaka mmoja maziwa ya mnyama yasichukue nafasi ya ziwa la mama, wala asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka, kwa maana yaweza kuwa na sumu isiyomdhuru mkubwa.

Mwisho, dalili za kutongoja. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa kabisa, atapikaye kila kitu, aliyeshikwa na degedege, aliyelegea asiamke vema, aliyevimba miguu yote miwili, au ambaye utepe umesoma nyekundu, huyo hapelekwi kwa jirani wala kwa fundi, wala hangojwi mpaka Jumatatu. Apelekwe hospitali saa ile ile. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Yaliyobaki ni hesabu ya karani. Damu ilipoongezeka, hamu nayo ilirudi, si kwa siku moja. Sasa anakula mara nne, na katikati kipande cha ndizi au parachichi, naye bado ananyonya mchana na usiku. Mwezi wa 10 alipimwa kilo 7.3, wa 11 kilo 7.6, na alipotimiza mwaka kilo 7.9. Si mnene, wala hajafika katikati ya mistari. Lakini nukta zinapanda. Haba na haba hujaza kibaba, na tumbo la mtoto ni kibaba kidogo sana.

Nawaomba akina baba jambo moja tu juma hili. Leo jioni kiulizeni kile kitabu kiko wapi. Kifungueni, mtafute nukta ya mwisho, na mwulize mtoto amekula nini, mara ngapi, na kwa mkono wa nani. Mkikosa jibu, kama nilivyokosa mimi, msione haya. Mke wangu amenikumbusha niongeze kwamba kliniki yetu ina benchi refu, na nafasi ya akina baba ipo.

Wasalaam. Tutaonana juma lijalo kwa habari za matangi.